Kurudi Alhamisi Ijayo: Mwongozo wa Kanisa Kuwatembelea Waliosahaulika

Makanisa mengi ya Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kupanda milima ya Vihiga mpaka Kakamega, huwatembelea wazee na wagonjwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Krismasi. Watu thelathini hufika na beli la unga, nyimbo zikaimbwa, picha zikapigwa, na jioni mzee akabaki na mzigo asioweza kuuinua. Mwongozo huu ni wa kanisa linalotaka kufanya jambo dogo kuliko hilo, nalo ni gumu zaidi: watu wawili walewale, nyumba ileile, kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima. Mtu aliyesahaulika ameahidiwa mengi katika maisha yake. Akiambiwa Alhamisi, na Alhamisi ikifika asikie hodi, hapo ndipo anapoanza kuamini.

Kuwatafuta

Orodha isianzie mimbarani. Ukitangaza Jumapili kwamba kanisa linatafuta wasiojiweza, utaletewa majina ya jamaa za wazee wa kanisa, na wale unaowatafuta hawakuwa ibadani kulisikia tangazo. Waendee wanaopita milangoni mwa watu: mhudumu wa afya ya jamii, balozi wa Nyumba Kumi, muuza maji wa mkokoteni, mwenye kioski, msimamizi wa ploti kule Kaptembwa mjini Nakuru au Manyatta mjini Kisumu. Uliza maswali yanayojibika. Nani hapa hatoki nje? Nani alikuwa akinunua maziwa kila siku na sasa hanunui? Ni mtoto gani anayesikika akilia lakini haonekani?

Kisha fungua rejista ya kanisa lenyewe na utazame bahasha za sadaka ambazo hazijarudi tangu Pasaka. Nyuma ya bahasha hizo utampata mjane ambaye watu walijaa kwake wakati wa matanga na baada ya mwezi hakuna hata mmoja aliyerudi. Utampata mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aliyeacha kuja kwa kuwa mtoto hupiga kelele wakati wa mahubiri na watu hugeuza shingo. Yupo mwenye kifafa, yupo aliyetoka jela, yupo bibi ambaye majirani wananong'ona kwamba ni mchawi. Huyo wa mwisho msimwache hata kama washirika wenu wanaogopa. Kutembelewa mchana peupe na watu wa kanisa kunampunguzia hatari.

Jambo moja hupita bila kuonekana, hasa Nakuru, mji uliokusanya watu wa kila kabila. Anayesahaulika mara nyingi ni yule asiyezungumza lugha ya wengi kanisani. Halikuanza leo: kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilichagua watu saba kwa sababu wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgawo wa kila siku. Pitia orodha yenu mkiuliza ni lugha zipi zimekosekana. Kama majina yote ni ya kabila moja, hamjamaliza kutafuta.

Kikosi

Watu wanane hadi kumi wanatosha kuanzia. Wapangeni wawili wawili, na kila jozi ichukue nyumba mbili, zikizidi sana tatu. Jozi zinazopewa nyumba sita huanza kuruka moja mwezi wa pili, na inayorukwa ni ile iliyo mbali au yenye harufu. Katika kila jozi awemo angalau mwanamke mmoja, na mmoja anayezungumza lugha ya mwenye nyumba. Asiende mtu peke yake, na mtu mzima asibaki faraghani na mtoto. Sheria hiyo iwe kwa wote, akiwemo mchungaji, ili mtu akikumbushwa asione ametuhumiwa.

Msichague kwa cheo. Mzungumzaji hodari wa kanisa huenda akawa mgeni mbaya, maana hawezi kukaa kimya dakika tano. Tafuteni mtu ambaye siri haimtoki, mwenye saa zake za mchana, na asiye na madeni mtaani.

Kabla ya ziara ya kwanza, mpeleke barua ya mchungaji au padre kwa naibu wa chifu na kwa balozi wa Nyumba Kumi, yenye majina ya wanaotembelea. Bila hiyo, siku kitu kikipotea katika ploti, wageni wa kanisa watakuwa wa kwanza kutajwa. Kama mzee ana watoto mjini au ng'ambo, wapigiwe simu kwanza. Mtoto anayesikia kwa jirani kwamba kanisa linamlisha mama yake huona ameaibishwa, na anaweza kuwafungia mlango siku hiyohiyo.

Nauli ipangwe kabla ya chakula. Huduma nyingi za namna hii hufa kwa sababu mtembeleaji hana pesa ya bodaboda na anaona haya kusema. Sadaka ya pili ya Jumapili moja kila mwezi inaweza kutengwa kwa ajili hiyo, ihesabiwe na watu wawili na kuandikwa.

Ziara ya kwanza

Nendeni siku ya kazi, kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Mapema zaidi mnamkuta hajanawa; saa saba mnamkuta anapika kidogo alichonacho, naye atalazimika kuwagawia. Msibebe mfuko. Mfuko ukitangulia, kila ziara itakayofuata itapimwa kwa uzito wake. Simu zikae mfukoni.

Pigeni hodi kutoka langoni na msubiri, hata kama ni dakika kumi, kwa maana mtu mwenye magoti mabovu anakuja polepole. Msalimieni kwa lugha yake mkiijua, na kama ni bibi, mmwite kwa heshima ya kwao: dani kwa Mluo, kukhu kwa Mluhya, cucu kwa Mkikuyu. Kaeni pale atakapowaonyesha. Nusu saa inatosha, dakika 45 ikiwa mazungumzo yamenoga. Msihubiri. Maombi yawe mafupi, na yafanyike akiyataka mwenyewe.

Swali la "una shida gani?" liacheni nyumbani, maana litawapa jibu moja tu, unga. Ulizeni siku yake huendaje. Maji anayatoa wapi, na nani humbebea? Usiku akizidiwa humwita nani? Mtu akisema "namwita Mungu" na kunyamaza, mmeelewa kwamba hakuna jirani. Mkiwa mnasikiliza, macho nayo yafanye kazi: kuna jivu jipya mekoni? Matandiko ni makavu? Kadi ya kliniki inaonyesha tarehe iliyopita?

Mkiondoka, tajeni siku ya kurudi kwa jina lake na saa yake. Msiahidi kitu kingine chochote siku hiyo, hata kama paa linavuja mbele ya macho yenu. Ahadi ya mabati isiyotimia ni mbaya kuliko kutokuja kabisa.

Miguu na sakafu

Vijijini, na hata kwenye nyumba za udongo pembezoni mwa miji, mtazame miguu. Mzee anayeificha chini ya leso au anayetembea kwa visigino huenda ana funza, na aibu ya funza imewafungia ndani watu wengi. Msiwatoe kwa pini au mwiba. Pini inayopita kutoka mtu hadi mtu hubeba virusi vya ukimwi na homa ya ini, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii au mpelekeni kituoni, ambako miguu hulowekwa katika maji ya pamanganeti ya potasiamu kwa dakika 10 hadi 15, au hupakwa dimetikoni, mafuta yanayomziba funza pumzi. Kipimo cha dawa ni cha muuguzi. Msikoroge kwa kukadiria, maana pamanganeti ikikolea huunguza ngozi.

Miguu ikipona na sakafu ikabaki vumbi, funza watarudi baada ya wiki chache, kwani hukulia katika mchanga mkavu wa ndani ya nyumba. Kinga ya haraka ni kunyunyiza maji kabla ya kufagia na kusiriba sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe mara kwa mara. Ya kudumu ni simenti. Chumba cha mita 3 kwa 3, zege la sentimita 5, kinahitaji takriban mifuko mitatu ya kilo 50, mchanga, kokoto, na vijana wa kanisa siku moja. Kinachosahaulika ni pa kulala. Zege linahitaji kumwagiwa maji kwa siku saba, kwa hiyo mzee apate nyumba ya jirani kabla koleo halijagusa udongo, na kuku wake nao wapate pao. Ifanyeni kazi hiyo kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei.

Chakula, kikihitajika

Baada ya ziara ya tatu mtakuwa mmejua nani ana njaa na nani ana upweke tu. Kwa mtu mmoja, kwa wiki mbili, kapu hili linabebeka na halivutii macho: pakiti mbili za unga wa mahindi za kilo 2, nusu gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya maharagwe, kilo moja ya unga wa wimbi kwa uji, nusu lita ya mafuta, pakiti ndogo ya chumvi, kipande cha sabuni na kiberiti. Beli zima huingia wadudu, huibwa, au huwaita wajukuu wasioonekana mwaka mzima.

Sukari msiibebe kabla ya kujua kama ana kisukari. Mwenye shinikizo la damu mpunguzieni chumvi. Asiye na meno hawezi omena wakavu wala mahindi ya kuchemsha; mpelekeeni ndizi mbivu, mayai, mrenda. Maharagwe nayo hula kuni nyingi, na kama kuni hana, yapikwe kwa jirani na kupelekwa yakiwa tayari. Kwa mzee wa Nyalenda au Obunga, mitaa ya Kisumu, anayenunua maji, mitungi miwili ya lita 20 inayobebwa na vijana mara mbili kwa wiki huenda ikamfaa kuliko kapu lote.

Milango ya serikali

Hapa ndipo jozi yenye subira inaweza kuleta zaidi ya sadaka ya mwaka mzima. Mtu aliyetimiza miaka 70 anastahili kuombewa nafasi katika Inua Jamii, mpango wa serikali unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Majina hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na usajili hufunguliwa kwa vipindi, basi ulizieni mapema. Kikwazo cha kawaida ni kitambulisho kilichopotea au chenye mwaka wa kuzaliwa usio sahihi. Mpelekeni mwenyewe, mkitumia bodaboda ya dereva anayemjua, na mbebe maji ya kunywa.

Bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) tangu Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure kupitia *147#, na asiye na simu anaweza kusaidiwa kituoni. Mlemavu huandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali.

Katika haya yote, msishike kitambulisho chake, laini yake ya simu, wala namba ya siri ya M-Pesa. Hata akiwasihi. Mtembeleaji mwaminifu aliyekuwa akimtolea bibi pesa hana namna ya kujitetea siku hesabu ikipungua.

Daftari na siri

Kila nyumba iwe na ukurasa wake: tarehe, nani alikwenda, nini kiliahidiwa, nini kimetimizwa, siku ya kurudi. Andikeni mkifika nyumbani, si mbele yake. Ugonjwa hauandikwi kwa jina. Jina la mtu, hali yake na picha yake havipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la kanisa; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nanyi pia, na mtu aliyeona picha yake akipokea unga hatafungua mlango tena.

Siri ina mpaka. Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116. Kwa ukatili wa kijinsia ni 1195. Mtu akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi wazo. Asiachwe peke yake, mwondoleeni dawa za shamba na kamba, mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu linapatikana kwa 1199.

Kumrudisha katikati ya watu

Ziara peke yake humfanya mtu kuwa mgonjwa wa kudumu. Ana kitu cha kutoa: akiwapa yai au mkungu wa ndizi, pokeeni na mshukuru, msimrudishie. Mpeni orodha ya majina ya kuombea na mkirudi mmweleze yaliyotokea. Anayejua nyimbo za zamani awafundishe watoto wa Sunday school nyumbani kwake.

Jumuiya na ushirika wa nyumbani huzunguka kwa zamu, lakini nyumba ya maskini hurukwa kwa sababu mwenyeji hana chai wala viti. Mara nyingi yeye mwenyewe huomba arukwe. Dawa yake ni kanuni moja kwa nyumba zote, tajiri na maskini: hakuna chai, au kila mtu aje na yake, na vijana watangulie na viti vya kanisa. Kanuni ikimhusu yeye pekee, ni aibu ileile.

Mtembeleaji akihama au kuugua, mrithi wake apelekwe naye mara mbili kabla ya kuachiwa. Kila miezi mitatu kaeni na daftari. Nyumba ambayo sasa ina majirani wanaoingia na kutoka ihamishiwe kwenye ziara ya mwezi, na nafasi yake apewe anayefuata katika orodha.