Usukani wa pikipiki mzito? Anza na upepo

Kabla hujashika spana, pima upepo wa tairi la mbele asubuhi, likiwa bado baridi. Pikipiki nyingi kubwa za spoti hutaka karibu psi 36 mbele. Ukishuka hadi 28, usukani unakuwa mzito na pikipiki inagoma kulala kwenye kona. Tazama na tairi la nyuma: likiwa limelika katikati hadi kuwa bapa, utahangaika bure na marekebisho mengine. Libadilishe.

Kisha inua gurudumu la mbele lisiguse chini, ugeuze usukani polepole kwa vidole. Ukinasa katikati kana kwamba umeingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Ukiwa mzito kotekote, huenda nati ya shingo imekazwa mno, au dampa ya usukani, kile kifaa kinachozuia usukani kutikisika, imekazwa sana. Hiyo dampa watu huisahau, mimi nikiwemo.

Vyote vikiwa sawa na pikipiki bado mvivu, legeza vibano vya shokapu za mbele, uzipandishe milimita 3 ndani ya vibano, kulia na kushoto sawasawa. Pua inashuka, shokapu zinasimama wima zaidi, na pikipiki inageuka kwa wepesi. Ijaribu siku kadhaa kabla ya kuongeza. Ukizidisha, usukani utaanza kutikisika kwenye mwendo wa kasi, na tairi linaweza kugonga rejeta ukifunga breki kwa nguvu. Vibano vikaze kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, si kwa kukisia.