Kutoka Yiwu hadi Putuoshan: maneno ya mchuuzi wa Kibuye

Sisi wa soko la Kibuye, Kisumu, tukienda China kutafuta mali, safari huishia Yiwu, mji wa masoko ya jumla. Safari yangu ya tatu nilisubiri siku mbili mzigo ufungwe, nikaona badala ya kulala hotelini niende Putuoshan, kisiwa kitakatifu cha Wabudha.

Panda basi hadi Ningbo, halafu jingine linalovuka yale madaraja ya baharini yaliyofunguliwa 2009 hadi kisiwa jirani cha Zhujiajian. Gatini utakata tiketi ya feri. Beba pasipoti yenyewe, si kopi. Kuvuka ni muda mfupi tu. Kwa aliyezoea feri ya Ziwa Victoria, ile ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, hata usingizi haukupati.

Lakini kwanza tazama kalenda, tena ile ya Kichina inayofuata mwezi. Tarehe 19 ya mwezi wa pili, wa sita na wa tisa ni sikukuu za Guanyin, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha) wa huruma, na kisiwa ni chake. Siku hizo hapapitiki. Nenda siku nyingine yoyote.

Hekaluni, kizingiti usikikanyage, kivuke. Ndani ya kumbi usipige picha za sanamu. Udi ni vijiti vitatu, basi. Atakayekuambia ununue fungu nene ni mchuuzi kama mimi, namjua.

Kazi iko kwenye ngazi. Kutoka hekalu la Fayu hadi Huiji kileleni ni vipandio 1,088. Mahujaji wengine hupiga hatua tatu kisha wanasujudu, hivyo hivyo hadi juu. Ukimkuta mmoja mbele yako, pita pembeni polepole, usimruke. Mimi Mkristo sikusujudu, na hakuna aliyeniuliza. Niliwakumbuka akina mama wanaofunga na kuomba Kit Mikayi, ile miamba mikubwa karibu na Kisumu, mle mapangoni. Kushuka nilipanda kigari cha waya, magoti yalikataa.

Usiondoke bila kufika kahekalu ka ufuoni ka Guanyin Asiyetaka Kuondoka. Wanasimulia kwamba mtawa wa Kijapani, Egaku, alikuwa akisafiri na sanamu ya Guanyin kuipeleka kwao, bahari ikachafuka hapo, akaelewa, akaiacha.

Chakula cha hekaluni hakina nyama wala samaki. Ndiyo, kisiwani, na hakuna samaki. Mjaluo ale vizuri Ningbo kabla ya kuvuka.