Namna ya kumaliza depo, mafunzo ya awali ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kutoka kwa koplo aliyefundisha makuruta

Kila mwisho wa Mei simu yangu haipoi. Mtoto wa fulani kamaliza kidato cha sita, jina limetoka kwenye orodha ya mujibu wa sheria, yaani ya wanaoitwa na sheria, si wa kujitolea, kapangiwa kambi ya Mlale au Bulombora, na mama yake hali, halali. "Atarudi mzima kweli, afande?" Atarudi, tena na mabega. Nilikuwa koplo mkufunzi, na haya ndiyo huwa nawaambia.

Hatua ya 1: Funga begi kama tangazo linavyosema

Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, ifike magotini, isiwe na zipu. Fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, traksuti, nauli ya kwenda na kurudi. Usilete ubunifu. Ukipangiwa Mafinga au Oljoro ongeza sweta, maana Juni kule maji ya bomba asubuhi yanauma meno.

Raba zianze kuvaliwa nyumbani wiki mbili kabla, nenda nazo hata sokoni. Raba mpya kwenye mchakamchaka wa kwanza, kesho yake unachechemea na malengelenge. Mwenye ulemavu unaoonekana, matangazo ya miaka ya karibuni humwelekeza Ruvu. Mwenye pumu au kifafa aseme getini. Kuna kijana alinificha pumu akiogopa kurudishwa nyumbani. Niliijua siku alipokaa chini katikati ya wimbo, midomo imebadilika rangi.

Hatua ya 2: Getini

Nywele zinanyolewa. Kila mwenye kombati ni afande, hata kama mlicheza naye chandimu. Ukiambiwa "dabo!" unakimbia kwanza, unauliza baadaye. Basi.

Hatua ya 3: Shinda usingizi

Wiki mbili za kwanza hazivunji watu kwa mbio. Zinawavunja kwa usingizi. Filimbi inalia giza bado nene, na anayepapasa soksi ndiye atakayeruka kichurachura. Kwa hiyo kabla ya kulala panga hivi: soksi ndani ya raba, bukta juu ya raba, fulana juu ya bukta, vyote upande wa kichwa. Jizoeze kuvaa umefumba macho. Ukimaliza, mtikise jirani yako, kwa sababu akichelewa mmoja mnaadhibiwa hanga zima, yaani bweni lote.

Kula unachopewa chote. Wanaobagua maharage wiki ya kwanza ndio ninaowaona wakiyaomba wiki ya tatu.

Hatua ya 4: Kwata

Hapa ndipo wengi hulia. Kwata, yaani mazoezi ya gwaride, inafundishwa kwa hesabu: mwalimu anaonyesha, anakata tendo vipande, mnafanya moja, mnaganda, mbili, mnaganda, ndipo mnaunganisha. Ikiitwa "mbele tembea!" mguu wa kushoto unatoka kwanza na mkono wa kulia unakwenda mbele. Ni kutembea kwako kwa kila siku, ila ukianza kukufikiria, mwili unasahau. Utamkuta kijana hodari kabisa anatupa mkono wa kulia na mguu wa kulia pamoja, kama mbao mbili zilizopigiliwa misumari.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata mmoja wa namna hiyo. Nikampa adhabu, nikampa tena, nikamtoa mbele ya platuni aonyeshe. Akazidi kuharibu. Jioni sajenti wangu akaniita kando, akaniuliza: "Koplo, unamfundisha au unamkomoa?" Kesho yake nilimpeleka nyuma ya hanga, nikamwambia atembee kama anakwenda dukani huku ananisimulia kwao. Mikono ikakaa sawa yenyewe. Nikamwambia hiyohiyo, ila kaza ngumi.

Kwa hiyo ukiteuliwa kuongoza seksheni, kikundi kidogo ndani ya platuni, na kuruta huteuliwa, usianze kwa kupayuka. Hesabu watu wako kabla hujaulizwa idadi. Jua nani ana homa, nani kapata barua ya msiba. Kwenye foleni ya chakula simama mwisho. Sufuria likiisha kabla hujafika, utakuwa wa kwanza kulisemea, na utasikilizwa kwa kuwa umelala njaa wewe. Afisa wa platuni anaona gwaride; aliyevimba mguu anaonwa na koplo na kiongozi wa seksheni. Nimeona seksheni dhaifu zikimaliza zote kwa ajili ya kiongozi mmoja mkimya, na seksheni za wanamichezo zikisambaratika.

Hatua ya 5: Fatiki, lindo na shabaha

Fatiki ni kazi za mikono, kwa hiyo jembe usilishangae. JKT liliundwa 10 Julai 1963 kwa ajili ya kujenga taifa, na shamba limo kwenye jina. Waliopita kabla mafunzo hayajasitishwa 1994 watakucheka kwa miezi mitatu yako, waache. Yaliporudi 2013, hata wabunge vijana waliingia kambini wakachezeshwa kwata.

Lindoni usikae chini, maana ukikaa umelala. Kwenye shabaha mtutu hautoki uelekeo wa shabaha, hata kama silaha imekwama na afande anakupigia kelele. Inua mkono, subiri. Kidole kivute taratibu, pumzi ikiwa imetulia. Anayekunja uso akiusubiri mlio hapigi kitu.

Hatua ya 6: Siku ya kufunga

Gwaride la mwisho ni refu na jua ni kali. Kunywa maji tangu jana yake, na ukisimama mguu sawa usifunge magoti kabisa: chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, damu ipande. Wanaoanguka mbele ya mgeni rasmi huwa si wagonjwa, ni waliokaza magoti.

Rudisha vifaa vya kikosi, kila kimoja, na uone jina lako likikatwa kwenye daftari la stoo. Cheti kisome ukiwa bado kambini, herufi kwa herufi, jina lifanane na la cheti cha kidato cha nne. Kosa la herufi moja linarekebishwa kwa dakika kumi pale karani alipo, na kwa safari mbili za basi ukishafika kwenu.