Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti ukiwa Mombasa, na kwa nini maswali ya skeli ndio yatakayokuchelewesha

Jamani kwa wale munaomaliza digrii au mumepewa kazi ya utafiti na shirika na munataka kuuliza watu maoni hapa Mombasa, kibali ni lazima na si kigumu vile munavotishwa. Sisi tumetoka kukichukua juzijuzi kwa utafiti wa abiria wa feri ya Likoni. Kilichokula muda si mtandao wala malipo, ni hojaji, na ndani ya hojaji ni yale maswali ya skeli, yale ya "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa". Hojaji tulopewa ilikuja ikiwa tayari, imetafsiriwa kutoka kazi ya kwengine, na kamati ya maadili ikairudisha na maoni kibao, karibu yote yako kwenye sehemu hio moja. Kwa hivo mengine ntayapita mbio, na hapo ntakaa.

Mpangilio ni huu: barua ya chuo au shirika lako, kisha kamati ya maadili (wale wanaokagua kama utafiti wako hautawadhuru watu), kisha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ndio inayotoa kibali, kisha ofisi za kaunti. Usirukie NACOSTI kwanza, manake wataitisha cheti cha kamati ya maadili na ukikosa unakwama hapo hapo. Kamati yenyewe lazima iwe imeidhinishwa na NACOSTI, na kwa sisi watu wa Pwani huna haja ya kukimbilia Nairobi, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi wanayo, na uliza chuo chako pia kabla hujalipa pahali.

Kwa kamati unapeleka pendekezo la utafiti, fomu ya ridhaa, na hojaji kwa kila lugha utakayotumia. Hapo kwenye lugha wengi wanapeleka ya Kiingereza peke yake wakisema ya Kiswahili "tutatafsiri tukifika". Usifanye hivo. Watu wa Likoni watajibu kwa Kiswahili, basi hojaji ya Kiswahili ndio hojaji yako, na hio ndio kamati inafaa kuisoma. Ukishatafsiri mpe mtu mwengine ambae hajaona ile ya Kiingereza airudishe Kiingereza, kisha uziweke mbili pamoja uone wapi maana imehama. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi unakusanya nini, nani ataona, utaweka kwa muda gani, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ni utafiti mdogo wa darasani. Na kama huhitaji jina la mtu wala namba ya simu, usiulize kabisa, umejipunguzia maswali ya kamati na umemheshimu yule anaekujibu.

Sasa tuje kwenye skeli.

Mbinu hii ya kauli na viwango vya kukubali ilitolewa na Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1932. Yeye alikuwa anachukua kauli kadhaa zinazohusu jambo moja, mtu anajibu zote, kisha alama zinajumlishwa. Watu siku hizi wanaandika swali moja tu lenye viwango vitano na kwenye pendekezo wanasema "tutatumia skeli ya Likert". Kamati ikiwa na mtu wa takwimu atakurudisha. Ukiwa na swali moja moja sema ni maswali ya viwango, inatosha, na ukitaka skeli ya Likert kweli basi andika kauli kadhaa za jambo moja na ueleze utazijumlisha vipi.

Kosa la kwanza walilotuwekea alama ni kauli hii: "Huduma ya feri ni ya haraka na salama." Hebu fikiria mtu alievuka kwa dakika chache lakini amesukumwa pale kwenye rampu mpaka kiatu kikatoka. Ajibu nini? Akisema sikubali hujui anakataa haraka au anakataa salama. Hayo ni maswali mawili, yatenganishe. Pitia hojaji yako utafute kila "na" na kila "au" kwenye swali, hapo ndipo yamejificha.

La pili ni kubwa zaidi na ndilo nataka mulishike. Ukimsomea mtu kauli na kumuuliza anakubali au hakubali, wengi watakubali tu. Hili linajulikana na wanaofanya hojaji dunia nzima, lakini kwetu lina nguvu zaidi kwa sababu ya adabu: umemjia mtu na karatasi na kitambulisho shingoni, umemuamkia shikamoo, umemuomba dakika zake, atakukatalia vipi usoni? Tulipofanya majaribio kuna mama alikuwa na ndoo ya samaki, akasema "nakubali" kwa kila kitu, hata kwa kauli mbili zinazopingana. Hakuwa anadanganya, alikuwa anatusaidia tumalize. Dawa yake ni kuacha kauli na kuuliza kitu chenyewe, na majibu yawe ya kitu chenyewe. Badala ya "Najihisi salama ninapovuka: nakubali / sikubali", tukaandika hivi:

Mara ya mwisho ulipovuka kwa feri, ulijihisi salama kiasi gani?
Sikujihisi salama hata kidogo
Salama kidogo tu
Katikati
Salama
Salama sana

Hapo hakuna cha kukubali wala kukataa, inabidi mtu afikirie. Na angalia tumesema "mara ya mwisho ulipovuka", hatukusema "kwa kawaida" wala "siku hizi". Ukiacha muda wazi mmoja atajibu ya leo asubuhi, mwengine atajibu ya miaka iliopita, na wewe utawaweka kwenye jedwali moja.

Kuhusu yale maneno ya katikati, jaribuni sana kabla ya kuyaandika rasmi. Mwanzo tulikuwa na "kidogo" na "kiasi" kama viwango viwili tofauti. Kwenye karatasi yanaonekana sawa, lakini ukimsomea mtu kwa sauti pale kibandani huku honi ya feri inalia, anasikia kitu kimoja. Kiwango kikiwa mtu hawezi kukitenganisha na jirani yake, kitoe au kibadilishe. Viwango vitano vinatosha kabisa kwa kazi ya kusomewa mtu kwa mdomo. Saba vinafaa kama mtu anajisomea mwenyewe na ametulia, na kumi na moja, ile ya sifuri mpaka kumi, mtu akiwa amesimama na mizigo anachukua tano au kumi na kuondoka. Kila kiwango kipe maneno yake, usiweke maneno kwenye ncha mbili tu na katikati namba tupu. Na pande zote mbili ziwe sawa: nimeona hojaji yenye "nzuri, nzuri sana, bora, bora kabisa, mbaya", yaani anaelalamika kaachiwa kamlango kamoja tu.

"Sijui" na "katikati" si kitu kimoja. Mtu anaetoka Mariakani ambae hapandi feri hawezi kuwa katikati kuhusu usalama wake, yeye hana jibu. Mwekee nafasi yake pembeni, "sijawahi kuvuka / sijui", iwe nje ya viwango na usiipe alama. Ukimchanganya na wa katikati, wastani wako wote umeharibika na hutajua.

Kisha maswali ya kukanusha. Kuna ushauri wa zamani kwamba ugeuze kauli nyengine ziwe za kukanusha ili umnase anaejibu bila kufikiri. Mimi nasema kwa Kiswahili cha kusemwa ziacheni. "Feri haichelewi." Mtu akisema "ndio" ana maana ndio, haichelewi. Sasa mwengine anasema "sikubali", mwengine "hapana, inachelewa", mwengine "hapana, haichelewi", na karani wako amesimama na kalamu anakisia. Uliza tu: "Mara ya mwisho, ulingoja feri kwa muda gani?" na uweke dakika. Kitu kinachohesabika usikitafutie skeli.

Neno la mwisho kwenye skeli ni kuridhika. Karibu kila hojaji ina "Umeridhika kiasi gani na huduma". Kulikuwa na mzee na gunia lake la nazi, akajibu "nimeridhika", na kwa kuwa yalikuwa majaribio tukamuuliza ameelewa vipi swali. Akasema, "Mwanangu, ntafanyaje na njia ndio hii?" Basi pale tukajua jibu lake si sifa kwa feri. Hatukulifuta swali, lakini tulilipeleka mwisho na kabla yake tukauliza vitu vyenyewe: kungoja, msongamano, usalama, njia ya walemavu, vivuli. Mtu akishayapitia hayo, akija kwenye kuridhika anajibu akiwa na kitu kichwani.

Kwa hio majaribio ni lazima, na yafanyeni na watu kama wale mutakaowauliza, si wanafunzi wenzenu wa chuo. Baada ya kila swali la skeli muulize mtu: "Nimekuuliza nini? Mbona umechagua hilo?" Yaandike majibu hayo uyaambatishe kwa kamati, wanapenda, na ni haki wapende. Kwa wasiosoma tulitengeneza kadi yenye ngazi ya vidato vitano, mtu anaweka kidole. Kadi hio nayo ni sehemu ya hojaji, ipeleke kamati pia, usije ukaambiwa umetumia kitu ambacho hawakukiona.

Na kwenye pendekezo andika utachambua vipi. Viwango hivi vina mpangilio, lakini huwezi kusema mwenye nne yuko salama mara mbili ya mwenye mbili. Onyesha asilimia za kila kiwango na kipimo cha kati (median, yaani jibu linaloangukia katikati ukiyapanga majibu yote kwa mpangilio), usilete wastani peke yake. Ile alfa ya Cronbach, ya mwaka 1951, inayotajwa kila pendekezo na ile 0.7 yake, ni kipimo cha kuona kama kauli zinakwenda pamoja, na inahusu kundi la kauli zinazopima jambo moja tu. Usiipige kwa hojaji nzima ambayo humo ndani mna umri, dini na idadi ya watoto.

Ukishapata cheti cha maadili, NACOSTI ni mtandaoni, unafungua akaunti, unapandisha picha ya pasipoti, kitambulisho, barua ya chuo, pendekezo na cheti, unalipa. Ada inategemea ngazi yako ya masomo na uraia, na inaandikwa palepale. Hakikisha jina la utafiti liko herufi kwa herufi sawa na la cheti cha maadili. Chagua kaunti kwa makini: Likoni ni Mombasa, lakini makarani wakisogea Ng'ombeni washaingia Kwale, na Mtwapa ni Kilifi, basi zitaje zote tangu mwanzo. Leseni, ambayo ndio kibali chenyewe, ikitoka ina msimbo wa kuskani na tarehe ya mwisho. Fika saiba utoe nakala kadhaa, na masharti ya nyuma yasome.

Kisha kabla hujauliza hata mtu mmoja, peleka nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na uombe ruhusa ya wasimamizi wa kivuko kwa maandishi, kwa sababu pale ni pahali pa ulinzi na karani bila barua atatolewa. Nenda asubuhi, wakugongee mihuri nakala zako zote, na kila karani atembee na yake. Ukija kubadilisha swali lolote la skeli baada ya hapo, hata neno moja la kiwango, irudishie kamati kwanza kabla hujaendelea. Na utafiti ukiisha NACOSTI wanataka nakala ya ripoti, ipandishe kwenye akaunti ile ile ulioombea.