Kuandaa sahani za agari kwa maabara ya kufundishia, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kutengeneza sahani 25 hivi za agari lishe (jeli yenye chakula ambayo bakteria huoteshwa juu yake), zenye kipenyo cha milimita 90, kutokana na mililita 500 za mchanganyiko. Zinatosha darasa la wanafunzi 20, zikabaki za kupimia usafi na chache za kuharibika, maana mbili tatu haziachi kuharibika. Kazi ya mikono haizidi saa mbili. Kinachokula muda ni kusubiri: agari ichemke, ipoe, igande, ikauke. Kwa hiyo anza siku tatu au nne kabla ya kipindi. Sahani iliyomiminwa asubuhi ikatumika mchana wa siku hiyohiyo bado ina maji juu, na kwenye madarasa maji hayo huharibu majaribio mengi kuliko uchafu wenyewe.

Vinavyohitajika

- Unga wa agari lishe, gramu 14 (kwa kopo linalotaka gramu 28 kwa lita)
- Maji ya distili, mililita 500
- Chupa ya kioo kinachostahimili joto, ya lita 1, yenye kifuniko cha kuzungusha
- Sahani 25 za plastiki zilizotakaswa kiwandani, zikiwa bado kwenye mfuko wake
- Otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wenye presha), au sufuria ya presha iliyo nzima
- Beseni la maji ya moto linaloshika 50 hadi 55°C
- Kichomeo cha Bunsen au taa ya spiriti, ethanoli ya asilimia 70, taulo za karatasi
- Glavu nene za joto, miwani ya kinga, barakoa, kalamu ya maka

Usinunue unga kabla ya kusoma lebo vizuri. Kuna unga wa agari lishe na kuna unga wa mchuzi lishe. Makopo yanafanana, na mchuzi hauna agari ndani yake. Ukiupika utapata supu safi kabisa ambayo haitaganda hata ukiiweka kwenye jokofu wiki nzima. Dalili iko kwenye kipimo: mchuzi lishe hutaka gramu 13 hivi kwa lita, agari lishe gramu 28. Lakini makampuni hutofautiana, hivyo lebo ya kopo lako ndiyo inayoamua, si mwongozo huu.

Kama huna unga uliochanganywa tayari, kwa mililita 500 pima peptoni (protini iliyomeng'enywa) gramu 2.5, dondoo ya nyama gramu 1.5, chumvi gramu 2.5 na agari gramu 7.5. Rekebisha pH iwe kati ya 7.0 na 7.4 kabla ya kutia agari. Mchanganyiko wenye asidi ukichemshwa hukatakata nyuzi za agari, na sahani zinatoka laini.

Hatua ya 1: Kupima na kuchanganya

Vaa barakoa. Unga huu ni mwepesi, hupaa na kuwasha pua. Pima haraka, kisha funga kopo papo hapo, kwa sababu unga hunyonya unyevu wa hewani na kugeuka jiwe.

Tia kwanza maji kama mililita 300 kwenye chupa, ndipo umwage unga. Zungusha chupa, halafu malizia maji mililita 200 zilizobaki ukiyapitisha kwenye kuta za ndani ili yasombe unga ulionata. Unga ukitangulia chupani, hukamata chini na kuungua wakati wa kupika. Usishangae mchanganyiko ukiwa na mawingu na chembe zinazoelea: agari haiyeyuki kwenye maji baridi. Itayeyuka ndani ya otoklevu.

Mililita 500 zitiwe kwenye chupa ya lita 1, si ya mililita 500. Agari huumuka inapochemka, na chupa iliyojaa itamwaga nusu ya kazi yako kwenye sakafu ya otoklevu, nawe utakaa kuibandua na kisu.

Hatua ya 2: Kutakasa kwa mvuke

Funga kifuniko kisha kilegeze nusu mzunguko. Chupa iliyokazwa hadi mwisho inaweza kupasuka. Juu ya kifuniko weka karatasi ya alumini, bandika mkanda wa otoklevu, andika aina ya agari na tarehe.

Takasa kwa 121°C kwa dakika 15, ukihesabu kuanzia joto lilipofika 121, si ulipowasha moto. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi. Spora (chembe ngumu za kujihifadhi) za bakteria kama Bacillus hustahimili maji yanayochemka, kisha huchipua kwenye sahani yako siku mbili baadaye.

Kwenye sufuria ya presha, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuweka uzito wa valvu. Hewa iliyobaki ndani huonyesha presha nzuri huku joto likiwa chini. Presha inayotakiwa ni paundi 15 kwa inchi ya mraba juu ya ile ya hewa, kwa usawa wa bahari. Ukiwa mahali pa juu sana, presha hiyohiyo haifikishi 121°C, basi ongeza muda. Mkanda uliobadilika rangi nao usikulaghai. Unakuambia chupa imepata joto. Haukuambii imekaa kwenye joto hilo muda wa kutosha.

Muda ukiisha, zima moto na uache presha ishuke yenyewe mpaka sifuri. Ukiiachia ghafla, agari iliyopita kiwango cha kuchemka itafoka na kutoka nje ya chupa. Mtu akiichukua chupa hiyo mkononi na kuitikisa wakati huo, itamchoma usoni. Subiri, vaa glavu na miwani, ndipo ufungue.

Sasa kitu kidogo kinachosahaulika: izungushe chupa taratibu, mara kumi hivi, mpaka usione tena mistari kama ya sukari inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Agari iliyoyeyuka ni nzito na hukaa chini. Usipoichanganya, sahani za mwanzo zitakuwa laini kama ute na za mwisho zitakuwa ngumu. Zungusha, usitikise, maana povu likiingia halitoki.

Hatua ya 3: Kupoza

Weka chupa kwenye beseni la maji ya 50 hadi 55°C kwa dakika 30 mpaka 45. Kiwango cha maji ya nje kilingane na cha agari ndani.

Hapa ndipo tabia ya agari inapokufaa. Huyeyuka karibu na 85 hadi 95°C, lakini ikishayeyuka haigandi tena mpaka ishuke hadi kati ya 32 na 40°C. Jelatini, iliyotumika kabla yake, haikuwa na pengo hilo. Iliyeyuka kwenye joto ambalo bakteria wengi hulihitaji ili kuota, na baadhi ya bakteria waliimeng'enya ikawa maji. Ni Fanny Hesse aliyependekeza agari mwaka 1881, akiijua kutoka jikoni, na mumewe Walther akaifikisha kwenye maabara ya mtaalamu wa bakteria Robert Koch. Sahani yenye kifuniko ilielezwa na Julius Richard Petri mwaka 1887.

Ukimimina kwenye 70 au 80°C, mvuke unajaa chini ya kifuniko, unageuka matone, na matone yanadondoka juu ya agari. Ukichelewa mpaka chini ya 45°C, agari inaanza kuganda shingoni mwa chupa na kutoka kwa madonge. Usiingize kipimajoto ndani ya chupa, utaichafua. Pima maji ya beseni. Ukiwa huna beseni, shika chupa kwa mkono usio na glavu: ukiweza kuishika sekunde chache bila kuiachia, lakini bado inakera, imefika.

Ukitaka kutia antibayotiki, wakati wake ni huu, si kabla. Kwa ampisilini ya mikrogramu 100 kwa mililita, mililita 500 zinahitaji nusu mililita ya myeyusho wa miligramu 100 kwa mililita. Ukitia kwenye agari ya moto, dawa inakufa na bakteria wote wanaota, hata wale uliotaka wazuiwe.

Hatua ya 4: Kumimina

Futa meza kwa ethanoli, iache ikauke kabisa, ndipo uwashe moto. Ethanoli mbichi na kichomeo ni ajali inayosubiri mtu. Funga madirisha, zima feni, wanafunzi wasipitepite.

Kabla ya kumimina, panga sahani zikiwa zimefungwa na uandike tarehe na aina ya agari chini ya sahani, pembeni, kwa herufi ndogo. Usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko huhama, na sahani mbili zikibadilishana vifuniko huna njia ya kujua ipi ni ipi.

Kaa karibu na moto, ndani ya sentimita 20 hivi. Fungua chupa kwa kukikunja kifuniko ndani ya kidole kidogo cha mkono wa kulia, usikiweke mezani. Pitisha mdomo wa chupa kwenye moto mara mbili. Kwa mkono wa kushoto inua kifuniko cha sahani upande mmoja tu, kiasi cha mdomo wa chupa kupita, kibaki kikiifunika sahani kama paa. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka agari ifunike karibu theluthi mbili ya chini, rudisha kifuniko, kisha telezesha sahani kwa duara mezani ili agari ifike kingoni. Hizo ni mililita 20 hivi, kina cha milimita 3 hadi 3.5. Chini ya mililita 15, sahani hukauka na kupasuka kabla ya bakteria kumaliza kuota. Usipeleke hadi juu. Unapoteza agari bure.

Pitisha mdomo wa chupa motoni tena kila baada ya sahani nne au tano. Mapovu yakijitokeza juu, yapitishie moto wa kichomeo haraka kabla agari haijashika, yanapasuka yenyewe. Usisimamishe moto mahali pamoja, plastiki itajikunja.

Unapomimina, zipange sahani nguzo za tano tano. Joto la sahani ya juu hukipasha kifuniko cha ya chini, na matone hupungua sana. Ile ya juu kabisa ndiyo hulowa, basi iwekee sahani tupu au bika (kikombe cha maabara) lenye maji vuguvugu.

Ziache kwa dakika 30 bila kuzigusa. Agari iliyoganda huwa na mawingu zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa ikiwa ya moto, na ukiinamisha sahani haitetemeki.

Hatua ya 5: Kukausha

Geuza sahani juu chini, agari iwe juu na kifuniko chini, na uziache kwenye joto la chumba usiku mmoja. Ukiwa na haraka, ziweke kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya 37°C kwa saa moja, vifuniko vikiwa vimeinuliwa upande mmoja, ndani ya inkubeta safi isiyo na kitu kingine.

Jaribu moja: dondosha matone machache ya maji safi yaliyotakaswa. Yakinywewa ndani ya dakika chache, sahani iko tayari. Yakitiririka hadi ukingoni, bado. Agari iliyojitenga na ukingo wa sahani au yenye mikunjo imepitiliza.

Sahani mbichi hutambulika pia baada ya kupanda bakteria. Badala ya makoloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) ya duara yaliyotengana, utaona utando mmoja uliosambaa kufuata mkondo wa maji. Isipokuwa bakteria aitwaye Proteus, ambaye husambaa kwa mawimbi hata juu ya sahani kavu; kwa huyo usiilaumu sahani.

Hatua ya 6: Kupima usafi na kuhifadhi

Chukua sahani mbili, moja ya mwanzo na moja ya mwisho, uziweke bila kupanda kitu, kwenye joto utakalotumia, kwa saa 48. Zikibaki safi, kundi lote ni la kutumika. Doa moja la ukungu lenye nyuzi, likiwa kwenye sahani ya mwisho tu, limetoka hewani wakati wa kumimina. Makoloni yaliyofanana, yaliyotapakaa ndani ya agari na si juu tu, yanaonyesha kuwa chupa haikutakasika. Tupa kundi zima.

Zilizosalia zirudishe kwenye mfuko wake wa plastiki, zikiwa juu chini, funga na uhifadhi kwa 4°C. Hudumu wiki nne. Zenye ampisilini zitumie ndani ya wiki mbili hadi nne, maana dawa hiyo hupungua nguvu hata kwenye baridi. Zitoe jokofuni saa moja kabla ya kipindi, la sivyo matone yatarudi.

Wakati wa kipindi

Kwenye darasa otesha kwa 25 hadi 30°C kwa saa 48, hata kama 37°C ingeharakisha. Joto la mwili ndilo linalopendwa na vijidudu vinavyosababisha magonjwa, na kwa sababu hiyohiyo agari ya damu haifai darasa la wanaoanza. Ziba kila sahani kwa vipande viwili au vinne vya selotepu. Usiizungushie utepe mzima, kwani ukikata hewa kabisa unawakaribisha bakteria wa mahali pasipo na oksijeni, ambao baadhi yao ni hatari. Wanafunzi wazitazame zikiwa zimefungwa.

Agari iliyobaki chupani inaweza kuyeyushwa tena mara moja tu, kwa beseni la maji yanayochemka au maikrowevu kwa vipindi vifupi, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Ukirudia zaidi, inalainika na kuwa kahawia.

Sahani zilizotumika ziingie kwenye mfuko wa otoklevu, 121°C kwa dakika 30, ndipo ziende kwenye taka za kawaida. Chupa isuuze kwa maji ya moto mara tu unapomaliza kumimina, na mabaki ya agari yagande kwanza kwenye chombo cha kutupwa: ukiyamwaga kwenye sinki yakiwa ya moto, yataganda ndani ya bomba.