Jinsi ya kuona vimelea vya planktoni kwenye bwawa lako la samaki

Ninawaandikia wafugaji wa perege wa Rungwe na Njombe, pamoja na walimu wenye hadubini moja shule nzima. Planktoni ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, navyo vina vimelea vyao. Tafuta soksi ndefu ya nailoni, chupa safi na bomba la sindano bila sindano yake. Hadubini iwe inakuza mara 400.

Hatua ya 1. Vaa gambuti, maana maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kukupa kichocho. Vuta soksi majini mara kadhaa, kisha igeuze ndani ya glasi. Chota na maji ya kawaida kwenye chupa.

Hatua ya 2. Weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi. Vidoa vinavyorukaruka, vya milimita 1 hadi 3, ni dafnia, wadudu wa majini wa jamii ya kamba. Mzima anapitisha mwanga, na utumbo wake wa kijani unaonekana kama uzi. Mgonjwa ni mweupe kama maziwa. Mnyonye huyo kwa bomba.

Hatua ya 3. Mtazame kwenye hadubini. Asubuhi moja ya Julai, Tukuyu ikiwa imezama kwenye ukungu, nilimkuta mmoja aliyejaa vijisindano kuanzia kichwani hadi mkiani. Moyo ulikuwa bado unapiga. Hizo ni mbegu za hamira iitwayo Metschnikowia: dafnia huzimeza, nazo hutoboa utumbo na kuzaliana mwilini. Mwaka 1884 mwanabiolojia Elie Metchnikoff aliutazama ugonjwa huu huu, akaona chembe za damu za dafnia zikizishambulia mbegu hizo. Weupe huo humponza dafnia, kwani samaki humwona upesi na kumla kabla ya wenzake.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Weka tone la maji ya chupa, utafute diatomu, mwani wenye ganda la kioo. Ukiona kishanga kimeng'ang'ania ubavuni, na rangi ya kahawia ndani ya ganda imesinyaa, huenda ni kuvu aina ya kitridi. Kishanga kikipasuka hutoa mbegu zenye mkia, za maikromita 2 hadi 5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Diatomu kubwa hazimezeki kwa dafnia, lakini mbegu hizi anazichuja vizuri, tena zina mafuta mengi. Mwaka 2007 mtafiti Maiko Kagami na wenzake walionyesha hivyo: kimelea huvusha chakula kutoka kwa mwani usiolika hadi kwa dafnia, na dafnia ni chakula cha vifaranga wako. Kwa hiyo nakusihi, usikimbilie kumwaga dawa bwawani kwa sababu umeona kuvu.

Hatua ya 5. Hesabu diatomu 100, uandike ngapi zina vishanga. Rudia kila wiki.

Kabla ya kwenda bwawa la jirani, chemsha soksi na uianike juani. Mbegu za vijisindano husafiri nayo.