Ukienda Changuu kuwaona kobe, wahi asubuhi

Mara ya kwanza nilifika Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, saa saba mchana, jua la utosi, nikakuta kobe wote wamejibanza kwenye vivuli, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Joto kali linaweza kumuua kobe, ndiyo maana hujificha. Siku hizi napanda boti saa mbili asubuhi.

Boti ziko ufukweni Mji Mkongwe, na safari ni kama nusu saa. Patana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Kiingilio cha kisiwani hulipwa peke yake, hakimo kwenye nauli. Vaa ndala, maana huenda ukapandia majini.

Ukishaingia, usikimbilie kupiga picha. Tafuta kobe aliyeamka, uchuchumae mbele yake akuone. Ukipewa majani, shika jani kwenye kikonyo ulisogeze taratibu chini ya pua yake. Halafu mkune shingo kwa vidole viwili. Wengine hujiinua kwa miguu yote minne, shingo imenyooka kama mpini wa jembe, ngozi yake kavu na ya baridi, wakatulia hivyo hivyo mpaka utoe mkono. Mimi hapo husahau saa. Ila usimpande mgongoni, wala usimkalishe mtoto: gamba ni mfupa ulio hai, linahisi.

Utaona namba zimeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Huo ni umri wao, na baadhi wamepita mia.

Asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Mwaka 1919 waliletwa wanne kama zawadi, na kufikia 1955 walikuwa wameshakuwa kama 200. Kisha wezi wakaanza kuwabeba kuwauza nje, hadi 1996 wakabaki saba. Saba tu! Serikali ya Zanzibar na shirika la kutetea wanyama la WSPA wakajenga eneo la kuwalinda, na ndipo wakaanza kuongezeka tena.

Kwa hiyo usiondoke kabla ya kuomba kuwaona vitoto, wanaolelewa peke yao nyuma ya wavu. Kitoto cha kobe anayekuja kuwa na kilo zaidi ya mia mbili kinaenea kiganjani, na mwizi anakitia mfukoni. Mtu yeyote, popote, akikunong'oneza kwamba anacho cha kuuza, kataa, kisha nenda ukamwambie mlinzi.